Pazia la buti lisilorudi halijafikia kutupwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu wa Morogoro, ambaye barua yake kuhusu pazia la buti la gari lake ilichapishwa majuma machache yaliyopita. Alieleza kuwa siku moja alilivuta pazia hilo likagoma kurudi, kwamba muuza spea alimwambia kifaa hicho hakifunguliwi wala hakitengenezwi, na kwamba, kwa kuwa bei ya pazia zima lililotumika ilimshinda, alilitupa jalalani na sasa anafunika mizigo yake kwa kanga. Kanga sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na neno "hakitengenezwi", kwa sababu pazia langu liliharibika vilevile, nikalifungua juu ya meza nyumbani kwangu Ngamiani, hapa Tanga, na huu ni mwezi wa saba linavutwa na kurudi bila tabu.

Kwa wasomaji wasiolijua kwa jina, pazia la buti ni kile kitambaa kizito cha plastiki, cheusi au cha kijivu, ambacho katika magari yenye buti lililoungana na chumba cha abiria, aghalabu yale ya aina ya Fielder, Forester na RAV4, huvutwa kutoka nyuma ya siti hadi karibu na mlango wa nyuma. Wengi hudhani ni pambo. Mtu aliyewahi kuegesha gari sokoni akiwa na begi la kompyuta ndani anajua kuwa si pambo, maana kioo cha nyuma hakifichi kitu, na mwizi havunji kioo kwa ajili ya kitu asichokiona.

Ndani ya kasha lake la alumini au la plastiki mna mrija ambao kitambaa kimeviringishwa juu yake, na ndani ya mrija mna springi ndefu, nyembamba, iliyosokotwa. Ncha moja ya springi imeshikamana na mrija wenyewe. Ncha ya pili imeshikamana na ulimi wa chuma bapa unaochomoza pembeni na kukaa ndani ya ufa, yaani mwanya mwembamba, wa kizibo cha plastiki kilichoziba mwisho wa kasha. Kizibo hakizunguki, kwa hiyo ulimi nao hauzunguki. Kinachozunguka ni mrija. Ukivuta kitambaa unauzungusha mrija na kuikaza springi, na ukikiachia springi inajilegeza na kukirudisha ndani. Ni ndugu wa yale mapazia ya dirishani ya kuviringisha ambayo Mmarekani Stewart Hartshorn aliyapatia hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, kwa mti wa kuviringishia wenye springi mwaka 1864, isipokuwa la dirishani lina kidole kidogo kinachodaka meno na kulisimamisha popote unapotaka, ilhali la buti kwa kawaida halina kidole hicho. Ndiyo sababu la buti hupewa vishikio viwili vya pembeni vinavyotiwa kwenye mifuo iliyo karibu na mlango wa nyuma, na ndiyo sababu ukikosea kuvitia linakuponyoka na kurudi kwa kishindo.

Msomaji ataona kutokana na maelezo hayo kwamba nguvu yote ya springi, mchana na usiku, inazuiwa na ufa wa plastiki usiozidi upana wa ukucha wa kidole gumba. Plastiki hiyo ikikaa miaka kumi na kitu ndani ya gari linaloegeshwa juani, inakauka na kuwa kama ganda la yai. Siku ufa unapopasuka, ulimi unazunguka bure, springi inajifungua yote kwa mara moja, na pazia linalala kama ulimi wa mbwa aliyechoka. Mwenye gari husema springi imekatika. Muuza spea naye, ambaye hana kizibo cha kumuuzia ila ana pazia zima, hana sababu ya kumsahihisha.

Langu lilivunjika kwa namna ya aibu zaidi. Tulikuwa tunarudi kutoka Muheza, na shemeji yangu, ambaye hakubali kuondoka Muheza bila machungwa, alikuta buti limejaa na pazia limevutwa, akaona hapo juu pana nafasi nzuri ya kiroba. Mimi nilikuwa mbele nikizungumza na mtu wa petroli. Tulipofika nyumbani na kukishusha kiroba, pazia lilikuwa limebonyea katikati, na nilipolitoa kwenye vishikio lilirudi kama shibiri moja likasimama. Nilipolitikisa kasha nilisikia kitu kikicheza ndani upande wa kushoto. Sauti ile ndiyo iliyonipa moyo, kwa sababu chuma kilichokatika hakitoi mlio mwepesi kama ule. Ulikuwa ni mlio wa kipande cha plastiki.

Nashauri kila mwenye tatizo hili aanze hivyohivyo, kwa kusikiliza na kuvuta kabla ya kushika bisibisi. Kitambaa kinachovutika kwa ulegevu mtupu, bila ukinzani wowote, kinaonyesha kuwa ulimi umechomoka au springi kweli imekatika. Kinachorudi nusu na kusimama kinaonyesha kuwa springi ni nzima ila imepungukiwa mizunguko. Kinachorudi kikienda mshazari, upande mmoja ukitangulia mwingine, hakina ugonjwa wa springi hata kidogo. Kitambaa kimeteleza kwenye mrija, au kimeviringishwa vibaya na mtu mwenye haraka. Kinachokwaruza kina vumbi, na sisi wa pwani tuongeze kutu, kwa kuwa upepo wa bahari haukisazi chuma hata kikiwa ndani ya mrija.

Kulitoa kasha kwenye gari hakuhitaji kifaa. Mwisho mmoja wa kasha, au yote miwili, una springi fupi inayouruhusu kusukumwa kuelekea katikati. Unausukuma kwa kiganja, unainua, na kasha lote linatoka kwenye matundu yake. Nililiweka juu ya blanketi lililotandikwa mezani, nikawafukuza wajukuu.

Hapo kwenye wajukuu sikutania. Springi ambayo bado imekazwa ina nguvu ya kutosha kukigeuza kipande cha chuma kikawa kisu, na mtu anayefungua kizibo bila kuushika ulimi kwanza anaweza kuumia vidole au jicho. Vaa miwani, hata kama ni ile ya kusomea, na vaa glovu. Kabla ya kulegeza skrubu ya mwisho ya kizibo, telezesha kizibo kidogo tu ili ulimi uonekane, uubane kwa plaizi ya kujifunga, yaani ile ambayo ukiiachia inabaki imebana, kisha ndipo ukiondoe kizibo. Ukiwa umeushika ulimi barabara, uruhusu ujifungue mzunguko mmoja baada ya mwingine, ukihesabu kwa sauti na kuandika idadi hiyo kwenye karatasi. Idadi hiyo haiandikwi mahali popote pengine, na itakuokolea nusu saa ya kubahatisha baadaye. Mimi sikuipata, kwa kuwa springi yangu ilikwisha kujifungua yenyewe njiani, pengine hapo hapo machungwa yalipokuwa yakituama.

Katika makasha mengine vizibo havikufungwa kwa skrubu bali kwa ribiti. Ribiti hutobolewa kwa drili yenye ncha inayolingana na tundu lake, na wakati wa kurudisha huwekwa skrubu fupi badala yake. Nasema fupi kwa makusudi, maana skrubu ndefu inaingia hadi kwenye kitambaa, na kila ukivuta pazia inakichana mstari.

Nilipofungua nilikuta springi nzima, imepigwa kutu kidogo, na kizibo cha kushoto kimepasuka vipande vitatu. Nilijaribu kwanza gundi ya mirija miwili, ile inayochanganywa kabla ya kupakwa. Ilishika siku mbili. Sikushangaa sana, kwani gundi inashika nyuso zinazogusana, na pale ufa ulipo plastiki ni nyembamba mno, halafu nguvu inayokuja ni ya kupasua. Kwa kishikio kilichokatika au kona ya kasha iliyomeguka gundi hiyo inatosha kabisa. Kwa ufa unaobeba ulimi, haitoshi.

Nikaamua kutengeneza kizibo kingine. Niliuangalia ubao wa plastiki wa kukatia nyama uliokuwa jikoni, mnene kiasi cha sentimita moja na nusu, mweupe, mgumu lakini usio mkavu wa kupasuka, nikaona hakuna malighafi bora zaidi ya huo. Nilichora umbo la kizibo cha zamani kwa kalamu kwa kuvipanga vile vipande vitatu pamoja, nikakata kwa msumeno wa chuma, nikasawazisha kwa tupa. Ufa wa ulimi ndio uliokula muda. Nilitoboa matundu matatu madogo kwa mstari, nikayaunganisha kwa tupa bapa nyembamba, nikijaribu ulimi kila baada ya mikwaruzo michache, hadi ulipoingia kwa kusukumwa kwa kidole gumba na kukataa kucheza. Ukicheza hata kidogo, kila mvuto wa pazia utaupanua ufa, na baada ya miezi utakuwa umerudi ulipoanzia. Izingatiwe pia kwamba plastiki ya mbao hizo haishiki gundi karibu yoyote, kwa hiyo kizibo cha namna hii lazima kifungwe kwa skrubu. Upande wa nje nilikichongea ncha ya kuingia kwenye tundu la gari. Kwa kuwa springi fupi ya kusukuma ilikuwa upande wa kulia ambao haukuguswa na ajali, sikulazimika kuiga sehemu hiyo, jambo ninaloshukuru.

Kabla ya kurudisha chochote, niliisugua springi kwa mswaki mkavu, nikaipangusa kwa kitambaa chenye matone mawili ya mafuta ya cherehani. Wapo wanaojaza grisi. Grisi ikipata joto la gari lililofungwa inalainika, inatoka kwenye mrija, inalowesha kitambaa, na vumbi linaloifuata linageuka ute mweusi ambao utaukuta kwenye mashati uliyoweka butini.

Sasa nifike kwenye kukaza, ambako nilikosea na ambako nadhani wengi hukata tamaa. Kitambaa kikiwa kimeviringishwa chote kwenye mrija, nilimpa kijana wangu aushike mrija usizunguke, nami nikaanza kuuzungusha ulimi kwa plaizi. Baada ya mizunguko sita niliona ulimi unakuwa mzito isivyo kawaida, na ndani kunasikika mkwaruzo. Nilikuwa naizungusha springi upande usio wake. Springi ya aina hii ikikazwa upande wake inajibana na kuwa nyembamba ndani ya mrija, ikapata nafasi ya kufanya kazi. Ikizungushwa kinyume inatanuka, inagusa kuta za mrija na kukwama, na mtu akishupaa anaiharibu. Kanuni ambayo ningetamani kuijua kabla ni hii: vuta kitambaa kidogo uone mrija unazunguka kuelekea wapi, kisha, mrija ukiwa umeshikwa, zungusha ulimi kuelekea upande wa pili.

Kuhusu idadi ya mizunguko, asije mtu akaniuliza ya gari lake, maana kila pazia lina yake. Mimi nilianza na mizunguko kumi, nikatia ulimi kwenye kizibo, nikajaribu. Kitambaa kilirudi zaidi kidogo ya nusu. Nikaongeza mitatu, kikarudi karibu chote. Kwenye mizunguko kumi na sita kilirudi chote taratibu na ule ubao mgumu wa ukingo wake wa nje ukatulia mdomoni mwa kasha, nikaongeza mmoja kwa ajili ya uzee wa springi, nikaacha. Kishawishi cha kuendelea ni kikubwa, kwa sababu pazia linalorudi kwa kasi linafurahisha, lakini nguvu hiyohiyo ndiyo inayovivuta vishikio vya nyuma saa zote pazia linapokuwa limefungwa, na vishikio hivyo navyo ni vya plastiki ileile. Tena, springi iliyokazwa kupita kiasi inaweza kufika mwisho wake kabla kitambaa hakijafika mlangoni, na hapo ukivuta kwa nguvu ndipo utakuwa umeikata kweli.

Mwenye pazia linalokwenda mshazari kazi yake ni nyepesi zaidi, ingawa inataka subira. Anakivuta kitambaa chote hadi mrija uonekane, anauzuia mrija usirudi, anapima kwa rula kutoka kila mwisho wa mrija hadi ukingo wa kitambaa, na kuupiga mrija mstari wa penseli ulionyooka. Kitambaa kinabandikwa juu ya mstari huo kwa utepe wa gundi ya pande mbili, kisha ule ufito wa plastiki unaokibana unarudishwa kwenye mfuo wake. Kama kimechanika, apelekewe fundi wa siti, naye aambiwe waziwazi kwamba asiweke kiraka kinene, kwa kuwa kila mzunguko wa kiraka unanenepesha roli, na roli nene inasugua mdomo wa kasha hadi inakwama ndani. Mshono mmoja wa uzi wa nailoni uliolala bapa unatosha. Kitambaa kisiviringishwe kikiwa na maji hata kidogo. Kitaota ukungu, na harufu yake itawafikia abiria kabla hawajafunga milango.

Nimesikia vijana wakisema kuwa siku hizi vizibo hivi huchapwa kwa mashine za kuchapa vitu vya plastiki, na kwa kweli ni njia nzuri kwa anayeweza kuifikia. Nawatahadharisha jambo moja tu. Plastiki inayotumika sana katika mashine hizo, iitwayo PLA, huanza kulegea inapofika takriban nyuzi 60 za Selsiasi, na kasha lililo chini ya kioo cha nyuma kwenye jua la mchana wa Tanga au Dodoma linaweza kufika huko. Waombe ya ABS, plastiki inayovumilia joto zaidi.

Kuna jamaa mwingine wa pazia hili ndani ya gari, nao ni mkanda wa usalama, ambao pia hujiviringisha kwa springi. Nisieleweke kwamba naruhusu mtu aufungue mezani. Mikanda mingi ya magari ya sasa ina baruti ndogo ya kuikaza wakati wa ajali, na pazia likikosewa linaficha mizigo vibaya, basi. Mkanda ukikosewa ni roho ya mtu.

Pazia lenyewe nalo si la kuchezea likisharudishwa garini. Lazima usikie mlio wa kunasa pande zote mbili, kisha ulivute kasha kwa mikono miwili kuelekea juu na mbele uhakikishe halitoki. Kasha la urefu wa zaidi ya mita moja lililokaa kwenye tundu nusunusu litaruka mbele dereva akifunga breki kwa ghafla, na lililo mbele yake ni visogo vya abiria. Kwa sababu hiyohiyo pazia si rafu. Kofia, mwavuli, kitabu cha dini, kiroba cha machungwa, vyote vina nafasi yake, na nafasi hiyo si juu ya pazia. Shemeji yangu ameahidi kuzingatia, ila safari ijayo ya Muheza ndiyo itakayosema.

Kwa wauza spea nina ombi moja ambalo naamini lina faida kwao pia. Mapazia yanayokuja na magari yaliyogongwa au kwa mizigo ya vipuri vilivyotumika mara nyingi huwa na kitambaa kilichochanika vibaya, nayo hukaa dukani miaka bila mnunuzi. Vizibo vyake ni vizima. Vishikio vyake ni vizima. Vikitolewa na kuwekwa kwenye kopo kaunta, vya kushoto mbali na vya kulia mbali, watu kama yule ndugu wa Morogoro watavinunua kwa bei ambayo muuzaji hakuitegemea kwa kitu alichokuwa anakipigia teke, na wala hawatalitupa pazia zima kwa ajili ya kipande kinachoenea kiganjani.

Mnunuzi wa kwanza nitakuwa mimi. Ubao wa nyama unafanya kazi, lakini ni mweupe pepe ndani ya buti jeusi, na mwenye ubao hajaacha kuuulizia. Natafuta kizibo cha kushoto.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga